Kipanya Kikigoma: Fuata Dalili Mpaka Ukione Chanzo

Masika yaliyopita mama mmoja anayewachapia watu barua na fomu hapa Chake Chake, Pemba, aliniletea vipanya vitatu vya kompyuta ndani ya mfuko. Alikuwa amevinunua kimoja baada ya kingine katika muda wa miezi minne.

"Mwanangu, vyote vibovu hivi. Kishale kinaruka kama panzi. Nimechoka kutoa pesa."

Nikavichomeka kimoja kimoja kwenye kompyuta yangu, juu ya meza ya mbao. Vyote vitatu vilikwenda sawasawa.

"Mama, meza yako ya kazini ikoje?"

"Nzuri tu, ya mvule. Nimeilaza kioo juu, na chini ya kioo nimetia picha za wajukuu zangu."

Nikamkatia kipande cha kadibodi. Mpaka leo anatumia kipanya kimoja, na vile viwili amewapa wanawe walioko skuli.

Linaloniuma katika kazi hii ni pesa ya watu wenye kipato kidogo inayopotea kwa sababu kosa limetafutwa mahali pasipo. Na la pili linaloniuma zaidi: mtu mzima anayejifunza kompyuta akaambiwa kwamba mkono wake ndio mzito, ilhali tatizo ni unywele mmoja ulioziba tundu chini ya kipanya. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu au kukitupa kifaa, fanya jaribio moja. Chukua kipanya ukichomeke kwenye kompyuta nyingine, juu ya meza nyingine. Ubovu ukifuatana nacho, ni wake. Ukibaki nyuma, basi ni wa meza, wa tundu la kukichomekea au wa kompyuta yenyewe. Kisha badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha meza, tundu na betri kwa pamoja, kipanya kitapona lakini hutajua kilichokiponya, na wiki ijayo utakuwa palepale.

Na kama una kazi iliyofunguliwa, gonga Ctrl na S kwanza ili ihifadhike. Kibodi haihitaji kipanya kwa hilo.

Kishale kinaruka, kinatetemeka au kinakwama njiani

Hii ndiyo dalili inayoletwa kwangu zaidi kuliko zote, na mara nyingi kipanya hakina kosa.

Kipindue utizame chini. Kuna taa, mara nyingi nyekundu, na pembeni yake kijitundu chenye lenzi. Nyuma ya lenzi imo kamera ndogo sana inayopiga picha za uso wa meza zaidi ya elfu moja kwa kila sekunde. Ndani, kijikompyuta kinalinganisha kila picha na iliyotangulia. Kikiona ule uzi wa mbao uliokuwa katikati sasa umesogea kulia, kinajua mkono umekwenda kushoto, na kishale kinapelekwa kushoto. Kazi yote ni hiyo. Inahitaji meza iwe na alama za kutambulika: nyuzi za mbao, nyuzi za kitambaa, vinyuzi vya karatasi ambavyo jicho letu haliyaoni maumbo yake lakini kamera inayaona.

Kioo hakina alama. Taa inapenya na kwenda zake, picha inarudi tupu, na kipanya kinabaki kubahatisha. Marumaru iliyong'arishwa na kitambaa cha plastiki cha mezani vinaleta shida hiyohiyo, kwa sababu taa inaakisiwa yote kwa pamoja kama jua juu ya maji. Mkeka wa ukili una kosa la kinyume. Alama unazo tele, lakini una milima na mabonde, na lenzi imepangwa kuona kitu kilicho karibu nayo sana, kiasi cha milimita chache tu. Kipanya kikipanda juu ya msuko, kinapoteza shabaha, kikishuka kinaipata tena, na kishale kinakwenda kwa kugugumia.

Dawa ni nyepesi: kadibodi isiyong'aa, jalada la daftari, au kitambaa cha rangi moja kilichonyooshwa vizuri. Pedi ya dukani ni nzuri, lakini si lazima.

Meza ikiwa sawa na kishale bado kinaruka, angalia ndani ya kile kijitundu. Huwa nakuta unywele, uzi wa kanga, au katika nyumba zinazoanika karafuu, vumbi laini la vikonyo lililojibanza kwenye ukingo wa lenzi. Toa kwa pamba ya masikioni iliyo kavu, kwa mkono mwepesi. Usipulize kwa mdomo, maana unapeleka mate na unyevu ndani.

Unyevu nao una hila yake. Aliyetoka na laptopu kwenye chumba chenye kiyoyozi akakaa barazani wakati wa joto la kaskazi, ataona kipanya kinachezacheza kwa dakika chache. Lenzi baridi imeshika umande kama gilasi ya maji ya barafu. Ngoja dakika kumi, hakuna cha kutengeneza. Na hapohapo barazani, jua la jioni linaloingia kiubavu chini ya kipanya linaweza kuipofusha kamera, hasa kama vile vijipedi vya plastiki vya chini vimelika upande mmoja na kipanya kimeinama. Geuza meza, jua lipige mgongoni mwa kipanya.

Skuli nyingine bado zina vipanya vya zamani vyenye mpira chini. Hivyo dalili yake ni tofauti: kishale kinapanda na kushuka vizuri, lakini hakiendi kulia wala kushoto, au kinyume chake. Ukijua kipanya kilivyoanza, utaelewa sababu. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964, mwaka uleule wa Mapinduzi yetu, katika taasisi ya utafiti ya Stanford kule California. Douglas Engelbart ndiye aliyekibuni na Bill English ndiye aliyekiunda. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyokingamana, moja linahesabu mwendo wa juu na chini, la pili linahesabu mwendo wa pembeni. Kilionyeshwa hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Kipanya cha mpira kilirithi mpango ule: mpira unazungusha vijiti viwili vilivyokingamana. Kijiti kimoja kikivaa ukanda wa uchafu mweusi, mpira unateleza juu yake, na mwendo wa upande huo unakufa wakati wa pili unaendelea. Zungusha kile kifuniko cha mviringo, toa mpira uuoshe kwa maji na sabuni, ukaushe, kisha kwangua ule ukanda kwa kijiti cha meno. Kazi ya dakika tano.

Hakitembei kabisa

Tizama taa. Kama haiwaki, kipanya hakipati umeme. (Vipo vichache vinavyotumia mwanga usioonekana kwa macho, kwa hivyo kama chako hakijawahi kuwaka tangu ukinunue, usishtuke.) Cha waya, kichomoe na kukichomeka kwenye tundu jingine la USB, ikiwezekana lililo kwenye mwili wa kompyuta na si kwenye kigawanyio, kile kidude kinachogawa tundu moja kuwa mengi. Tundu la USB hutoa volti 5, na kigawanyio cha bei rahisi kilichobeba flashi, printa na feni ndogo kinaweza kisiwe na nguvu ya kutosha iliyobaki kwa kipanya. Kisha pindapinda waya taratibu pale unapoingia kwenye kipanya. Taa ikiwaka na kuzimika kwa kufuata mpindo, waya umekatika ndani, na karibu kila mara hukatika hapo kwenye shingo. Fundi anaweza kuukata na kuuunga upya.

Umeme ukikatika ghafla na kurudi kwa kishindo, matundu ya USB ya kompyuta ya mezani huweza kujifunga. Tangu 2010 umeme wa Pemba unatujia kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na hali ni nafuu kuliko enzi za majenereta, lakini kukatika bado tunakujua. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha washa upya. Nimeziona kompyuta zilizokuwa tayari kupelekwa kwa fundi wa Unguja zikipona kwa hilo tu.

Taa ikiwaka na kishale bado kimesimama, gonga kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi. Kijitaa chake kikijibu, kompyuta iko hai na tatizo ni la kipanya au programu yake. Kisipojibu, kompyuta yenyewe imeganda, kipanya hakina lawama. Kwenye laptopu kipimo ni chepesi zaidi, gusa kile kibao cha kidole. Kishale kikitembea kwa kidole, kompyuta ni nzima.

Vile vipanya vya zamani ambavyo waya wake una kichwa cha mviringo cha kijani usivichomeke wakati kompyuta inawaka. Havitambuliwi mpaka iwashwe upya, na unaweza kuunguza tundu.

Unabofya mara moja, kinafungua kama umebofya mara mbili

Hapa ni kweli kipanya kinaumwa, na hewa yetu ina mkono wake.

Chini ya kila kitufe imo swichi ndogo yenye ulimi wa madini. Ukibonyeza, ulimi unagonga chini na umeme unapita. Ule mlio wa "tik" ndio huo. Baada ya kugonga kwa miaka, ulimi unachoka na sehemu inayogusana inavaa utando wa kutu. Hapo umeme unapita, unakatika, unapita tena ndani ya kufumba na kufumbua, na kompyuta inahesabu mibofyo miwili. Hewa yenye chumvi ya bahari huharakisha utando huo, na sisi hakuna aliye mbali na bahari. Dalili pacha ya ugonjwa huu ni faili unaloliburuta likadondoka njiani kabla hujaliachia, au maandishi unayoyachagua yakaachika katikati ya mstari.

Hakikisha hivi. Shika kitufe cha Windows, gonga R, andika main.cpl, kisha Enter. Dirisha la kipanya litafunguka. Kwenye ukurasa wa kwanza, kisanduku cha juu kabisa kinabadilishana kazi za vitufe viwili. Kitie tiki, sasa kitufe cha kulia ndicho kikuu. Fanya kazi nusu saa. Kama mibofyo ya ziada imetoweka, swichi ya kushoto ndiyo mbovu. Na hilo ni jaribio lililo pia tiba: ukizoea kubofya kwa kidole cha kati, kipanya hicho kinaweza kukutumikia muda mrefu zaidi bila shilingi moja. Ukiona mibofyo ya ziada ipo hata kwa kitufe cha kulia, basi tafuta chanzo kwingine.

Wengine huambiwa waongeze kasi ya mbofyo-pacha, yaani mibofyo miwili ya kufuatana, kwenye dirisha lilelile. Haisaidii. Mruko wa swichi mbovu ni wa haraka kuliko kasi yoyote utakayoipanga hapo.

Anayeweza kushika bisibisi anaweza kukifungua. Skrubu mara nyingi imefichwa chini ya stika au chini ya vijipedi. Tia tone la spiriti pembeni mwa swichi, bonyeza mara nyingi, acha ikauke kabisa. Mara nyingine inarudisha uhai wa miezi kadhaa, mara nyingine wiki mbili. Usitie mafuta ya cherehani. Yatanyamazisha mlio, kisha yatakusanya vumbi na kuganda.

Unabofya mara mbili, hakifungui

Dalili hii inawapata zaidi wazee na wanaoanza, na naomba anayefundisha asome pole pole.

Kompyuta ya Windows, isipobadilishwa, inataka mibofyo miwili iingie ndani ya nusu sekunde, na kishale kisisogee kati ya wa kwanza na wa pili zaidi ya vidoa vichache vya skrini. Kwa kijana ni rahisi. Kwa mkono wa miaka sitini uliozoea jembe au sindano ya kofia, nusu sekunde ni fupi, na kubonyeza kwa nguvu kunasukuma kipanya. Huyo hajakosea. Kompyuta imepangwa kwa kasi isiyo yake.

Rudi main.cpl, ukurasa uleule wa kwanza. Katikati kuna kitelezeo cha kasi ya mbofyo-pacha na picha ya folda pembeni. Kivute kuelekea kwenye polepole, jaribu juu ya ile folda mpaka ifunguke kila mara. Kisha mwonyeshe kulaza kiganja: kisigino cha mkono kikae mezani, kipanya kishikwe kwa kidole gumba na kidole cha mwisho, kidole cha shahada kipumzike juu ya kitufe bila kuinuliwa sana. Wanaoninginiza mkono hewani ndio wanaosukuma. Na kuna njia ya mkato ambayo siioni aibu kuifundisha siku ya kwanza: bofya mara moja, gonga Enter. Faili linafunguka vilevile. Mbofyo-pacha atajifunza siku nyingine.

Dirisha hilohilo, ukurasa wa tatu, lina kitelezeo cha kasi ya kishale. Anayeanza akiwa na kishale kinachokimbia ukingoni kila akigusa, kipunguze. Akilalamika kwamba meza imeisha na kishale bado hakijafika, mfundishe kukiinua kipanya, kukirudisha katikati na kuendelea. Kipanya kikiwa hewani hakihesabu. Jambo dogo hili hakuna anayezaliwa nalo, na mara nyingi halisemwi.

Gurudumu

Linakwenda chini, kisha linaruka juu kidogo, kisha chini: uchafu umeingia kwenye kihesabio chake. Lizungushe haraka kwenda na kurudi kwa dakika moja. Ikishindikana, ni tone la spiriti tena, pembeni mwa mhimili.

Maandishi yanakua makubwa au yanapungua badala ya ukurasa kushuka? Gurudumu ni zima. Kitufe cha Ctrl kimekwama au kuna kitabu kimekilalia. Kikwamue, kisha ndani ya kivinjari gonga Ctrl na sifuri, ukubwa utarudi ulivyokuwa.

Kisicho na waya kinachelewa au kinapotea

Anza na betri, hata kama taa inawaka. Betri iliyochoka bado inawasha taa lakini haina nguvu ya kurusha mawimbi.

Betri ikiwa mpya, shughulikia kipokezi, kile kidude kidogo unachokichomeka. Kinawasiliana kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, mawimbi yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi na Bluetooth. Kikiwa nyuma ya kompyuta ya mezani, mwili wa chuma unayazuia mawimbi yake. Kikiwa kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ni la buluu ndani, na pembeni yake umechomeka diski ya nje, data ya diski inatoa kelele inayoangukia kwenye mawimbi hayohayo na kukimeza kipanya. Wengi hushangaa kipanya kugugumia wakati wa kunakili video na kupona zikimalizika. Hamishia kipokezi upande wa pili, au kwenye tundu la kawaida karibu na mkono.

Kama kinalala kila ukiinuka kuswali na ukirudi kinachukua muda kuamka, hiyo ni namna yake ya kuokoa betri. Bofya mara moja, usitikise.

Betri zilizosahauliwa zikavuja unga mweupe si mwisho wa kipanya. Kama ni betri za alkali, unga huo unavunjwa na kitu kichachu. Toa betri, chovya pamba ya masikioni kwenye siki au maji ya ndimu, paka kidogo tu kwenye vile vibati, futa kwa pamba yenye spiriti, acha kikauke mpaka kesho. Osha mikono, na watoto wakae mbali. Kipanya ambacho hakitatumika wiki mbili, kitoe betri.

Kipokezi kikipotea, vipanya vingi vya bei nafuu havikubali kingine. Ndiyo maana ndani ya nyumba ya betri kuna kijitundu cha kukihifadhi. Kitumie kila unapofunga laptopu.

Kishale kinahama chenyewe unapoandika

Kwenye laptopu, ni kiganja kinachogusa kile kibao cha chini ya kibodi. Wengi hukisingizia kipanya, na wengine hudhani ni virusi. Tafuta kwenye safu ya juu ya kibodi kitufe chenye picha ya kibao kilichokatwa, kikizime wakati unatumia kipanya.

Kazi ya haraka na kipanya kimekufa kabisa

Kwenye kibodi yenye nambari upande wa kulia, bonyeza kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock. Windows itakuuliza, gonga Enter. Sasa nambari zile zinaendesha kishale: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, na za pembeni zinakwenda mshazari. 5 ni kubofya, na alama ya kujumlisha ni kubofya mara mbili. Sifuri inashika kitu ili ukiburute, nukta inakiachia. Ni polepole, lakini nimemaliza nayo fomu ya mtu aliyekuwa na boti asubuhi, mpaka ukurasa wa mwisho. Ukipata kipanya kingine, bonyeza vitufe vilevile vitatu kuzima.